Mistari Iliyokufa

Mwaka 1996 bajeti ya afya ya Morogoro Vijijini ilifanana na ya halmashauri nyingine yoyote: dawa, mafuta ya gari, posho, semina, na mgawanyo uliofuata nyayo za mwaka uliotangulia. Mradi wa TEHIP, uliokuwa wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, ulipoiweka bajeti ile kando ya takwimu za vifo, mambo hayakulingana hata kidogo. Malaria ilikuwa ikila asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea wilayani, na ilitengewa asilimia 5 ya fedha. Nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na upungufu wa damu kwa watoto, vyote kwa pamoja, vilikuwa asilimia 28 ya mzigo na viliambulia asilimia 13. Si kwamba kuna watu waliokula njama. Swali lenyewe halikuwahi kuulizwa, na hata kama lingeulizwa miaka michache kabla, lisingejibika.

Lilijibika kwa sababu tangu 1992 mradi mwingine, AMMP, ulikuwa ukihesabu watu na vifo katika maeneo teule ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa bado imekumbatia sehemu kubwa ya Uluguru kabla Mvomero haijamegwa. Wadadisi walipita kaya kwa kaya. Kila kifo kilifuatiliwa kwa mahojiano na ndugu wa marehemu: homa ilianza lini, alikohoa, alivimba miguu, alipelekwa wapi. Majibu yakageuzwa kuwa sababu ya kifo, sababu ikawa namba ndani ya jedwali, na jedwali ndilo lililokuja kuulizwa. Baada ya halmashauri za Morogoro na Rufiji kupanga upya fedha zao, kwa nyongeza isiyofika dola 1 kwa mkazi kwa mwaka, vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache.

Hadithi hii husimuliwa sana kwenye mikutano ya afya, na inastahili. Kinachorukwa ni jedwali. Jedwali linalojibu leo kwa sekunde 2 laweza kuja kujibu kwa dakika 40 miaka mitatu baadaye, na katika muda huo wote hakuna aliyeliharibu. Watu wameingiza data, wamerekebisha data, wamesoma data. Mganga Mkuu wa Wilaya anayetakiwa kusubiri dakika 40 hasubiri. Anakadiria, anaingia kwenye kikao.

Kusini mwa mkoa huohuo, Ifakara, kazi ya namna hiyo ilianza Septemba 1996 katika vijiji vya Kilombero na Ulanga: kila baada ya miezi minne mdadisi anarudi kwenye kaya ileile na kuandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani ni mgeni. Programu yao, Household Registration System, ilikuwa na asili ya Navrongo nchini Ghana na ilijengwa juu ya FoxPro. Waliowahi kushika FoxPro, au babu yake dBase, wanaijua tabia yake moja: ukifuta mstari, haufutiki. Unapigwa alama ya nyota mwanzoni na kuachwa palepale. Jedwali linaendelea kunenepa mpaka mtu atoe amri ya PACK, ambayo huliandika upya jedwali zima bila mistari yenye nyota, na ili ifanye hivyo hutaka wengine wote watoke kwanza. Ofisi yenye makarani wengi haipendi kuambiwa itoke. Kwa hiyo PACK ilikuwa kazi ya usiku, au haikuwa kazi ya mtu yeyote.

Vijana wa leo wakisikia habari hizo huzicheka, ilhali kanzidata wanazozitumia wao hufanya karibu jambo lilelile, na kwa sababu nzuri.

Chukua kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, yaani kile cha wagonjwa wa nje, katika kituo chochote cha mlimani, upande wa Matombo au wa Mgeta. Muuguzi akikosea hapaki wino mweupe. Anapitisha mstari mmoja juu ya kosa, anaandika sahihi pembeni, anatia saini. Kosa linabaki likisomeka, na ukurasa wenye masahihisho mengi hujaa kabla ya wakati wake. PostgreSQL, kanzidata huria inayobeba mifumo mingi ya serikali na mashirika, huandika hivyohivyo. Karani akibadili 47 kuwa 74, mstari wa zamani hauguswi thamani yake. Unaandikwa mstari mpya wenye 74, na ule wa zamani unapewa alama kwamba umekoma kuanzia muamala, yaani kazi moja ya kanzidata, wenye namba fulani.

Sababu yake inaonekana ukiwafikiria watu wawili kwa wakati mmoja. Karani yuko halmashauri anarekebisha taarifa ya mwezi. Sekunde hiyohiyo mratibu wa malaria wa mkoa amebonyeza kitufe cha kujumlisha wagonjwa wa mkoa mzima. Jumla yake ilianza wakati jedwali lina 47, basi sharti imalizike na 47, la sivyo hesabu ya chini haitakubaliana na mistari ya juu. Kwa kuwa mistari yote miwili ipo, kila mmoja anaona picha iliyokamilika na hakuna anayemsubiri mwenzake. Wabunifu wa POSTGRES ya kwanza, kazi iliyoanza 1986 chini ya Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitaka makubwa zaidi: matoleo ya zamani yahifadhiwe daima ili mtu aweze kuuliza jedwali lilikuwaje tarehe fulani iliyopita. Uwezo huo uliondolewa miaka ya 1990. Namna ya kuandika ilibaki, na pamoja nayo ikabaki mistari iliyokufa.

Mstari uliokufa hausomwi na mtu, lakini diski inausoma. PostgreSQL haichoti mstari mmojammoja. Inachota kurasa za kilobaiti 8. Ukurasa unaoingia mistari 60 ukiwa na mistari hai 10 tu, kompyuta italazimika kuchota kurasa sita kupata kile ambacho kingekaa kwenye moja, na kurasa hizo sita zitachukua nafasi kwenye memori, zikisukuma nje kurasa za jedwali jingine ambalo lilikuwa likijibu upesi. Ndiyo maana uzito huambukiza. Mtu analalamika kuhusu ripoti ya chanjo, kumbe tatizo liko kwenye jedwali la dawa.

Sasa tuje kwenye mfumo ambao makarani wa Morogoro wanaushika kila mwezi. Tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 2010 muhtasari wa vitabu vya MTUHA huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, yenye mizizi katika Afrika Kusini ya baada ya ubaguzi wa rangi, na ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa miaka mingi kuikuza hapa nchini. Moyo wake ni jedwali linaloitwa datavalue. Kila kisanduku cha fomu ni mstari mmoja: kipengele gani, kipindi gani, kituo gani, mchanganuo gani wa umri na jinsi, na thamani. Thamani yenyewe huhifadhiwa kama maandishi, kwa kuwa kisanduku kimoja kina namba na kingine kina ndiyo au hapana.

Tuseme kituo kinajaza visanduku 300 kwa mwezi. Hiyo ni mistari 3,600 kwa mwaka. Vituo 400 vitazaa mistari 1,440,000, na hapo bado tuko kwenye mkoa mmoja wa kufikirika, mwaka mmoja, bila sahihisho hata moja. Masahihisho yapo, tena huja kwa mafungu. Wakati wa masika barabara ya kushuka kutoka kata za juu za Uluguru haina huruma. Fomu ya Machi inaweza kufika bomani pamoja na ya Aprili. Karani anaingiza zote, anagundua kwamba Februari ilikosewa, anairudia. Mratibu wa MTUHA anakagua ubora wa data kabla ya kikao cha robo mwaka na kurudisha visanduku kadhaa vikahakikiwe. Kila sahihisho ni dalili kwamba kuna mtu anayejali. Na kila sahihisho huacha mstari mmoja uliokufa.

PostgreSQL ina mfagiaji wake, amri ya VACUUM, inayopita kwenye kurasa na kutangaza kwamba nafasi ya mistari iliyokufa inaweza kuandikwa upya. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 huja pia na autovacuum akiwa tayari amewashwa kiwandani, anayeamka mwenyewe bila kuitwa, na hapo ndipo wengi walipolala. Anaamka lini? Kwa mipangilio ya kiwandani, pale mistari iliyokufa inapozidi 50 na juu yake asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali la mistari 10,000 hiyo ni mistari 2,050, sawa kabisa. Kwa jedwali la mistari milioni 100, mfagiaji atasubiri mpaka mistari milioni 20 na ushei iwe imekufa. Asilimia ni kipimo kizuri kwa majedwali madogo na kipimo kibaya kwa makubwa, na majedwali makubwa ndiyo yanayoulizwa na wakubwa. Dawa ni ya mstari mmoja: jedwali husika lipewe kiwango chake lenyewe, asilimia 1 au 2, huku mengine yakiachwa yalivyo. Sijui kwa nini ushauri huu haumo katika kila kitini cha mafunzo ya mifumo. Huenda ni kwa sababu hauhitaji kununua kitu.

Maana kununua ndilo jibu la kwanza siku zote. Katika ofisi moja mjini Morogoro, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa zipo nyingi kama yenyewe, mazungumzo yalikwenda hivi.

“Kaka, mfumo umelala tena.”

“Umelala au mzito?”

“Mzito. Nimebonyeza ripoti ya robo, nimekwenda kunywa chai, nimerudi, bado kinazunguka.”

“Dada yangu, seva imezeeka. Dokezo la kununua nyingine nimeshaliandika, liko kwa bosi.”

Dokezo likapita. Seva mpya ikaja na memori maradufu, data ikahamishwa, na ripoti ya robo ikatoka kabla chai haijapoa. Pongezi zikatolewa. Baada ya majuma machache kasi ikaanza kushuka, na kufikia robo iliyofuata chai ilikuwa inapoa tena.

Kilichotokea ni rahisi kueleza na vigumu kukubali ukiwa umeshasaini hati ya malipo. Data ilihamishwa kwa njia ya kawaida: ikatolewa kama nakala, nakala ikamiminwa kwenye seva mpya. Nakala ya namna hiyo hubeba mistari hai peke yake. Majedwali yalizaliwa upya, kurasa zikiwa zimejaa vizuri, faharasa zikiwa zimejengwa upya, na kazi hiyo yote ya usafi ikahesabiwa kuwa nguvu ya mashine. Wangeitoa na kuirudisha kwenye seva ileile ya zamani wangepata sehemu kubwa ya kasi ile bila senti moja.

Na kwa nini uzito ulirudi upesi hivyo, wakati autovacuum ilikuwa imewashwa? Jibu lilikuwa katika orodha ya wanaotumia kanzidata, ambayo PostgreSQL huionyesha kwa jina la pg_stat_activity. Kulikuwa na muunganisho mmoja kutoka programu ya michoro iliyowekwa na mfadhili. Ulikuwa umefungua muamala wa daraja la REPEATABLE READ, unaoshikilia picha ileile ya data mwanzo hadi mwisho, siku kadhaa nyuma, ukasoma ulichosoma, haukuufunga. Hali yake ilisomeka idle in transaction: yuko ndani ya muamala, hafanyi kitu. Kwa kanzidata, aliye ndani ya muamala wa namna hiyo anaweza wakati wowote kuuliza swali jingine, na ana haki ya kuiona dunia kama ilivyokuwa alipoingia. Kwa hiyo mstari wowote uliokufa baada ya yeye kuingia hauwezi kufagiliwa. Mfagiaji alikuwa akiamka, akipita jedwali lote, akikuta mistari mingi iliyokufa na hana ruhusa ya kuigusa, akirudi kulala, kisha akiamka tena. Mashine ilikuwa ikifanya kazi kwa bidii kubwa na haikuwa ikisafisha chochote.

Muunganisho ulikatwa. Baada ya mzunguko mmoja wa VACUUM, hesabu ya mistari iliyokufa ilianguka, na jambo la kudumu lililofanyika ni kuweka kikomo cha muda, uwezo uliokuja na toleo la 9.6 mwaka 2016: muamala ukikaa bure zaidi ya dakika kadhaa, unafungwa kwa nguvu. Mwenye programu ya michoro alilalamika kwa siku mbili tatu, kisha akarekebisha programu yake.

Jedwali likishakuwa safi, bado swali linaweza kwenda taratibu kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba kanzidata imechagua njia mbaya. Anayeuliza kwa SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, hasemi jibu litafutwe vipi. Anasema anataka nini. Uchaguzi wa njia ni kazi ya sehemu inayoitwa mpangaji, na namna yake ya kufikiri inatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ambayo Patricia Selinger na wenzake wa IBM waliichapisha mwaka 1979. Mpangaji hana muda wa kuhesabu. Anatumia takwimu za sampuli zilizokusanywa na amri ya ANALYZE, kwa kawaida mistari 30,000 iliyookotwa huku na huku katika jedwali, na kutoka hapo anakisia kila swali litarudisha mistari mingapi. Akikisia michache, anafuata njia ya kuokota mmojammoja. Akikisia mingi, anasoma jedwali zima kwa mkupuo.

Kuna kisio moja analokosea daima, na mfano wake Morogoro unao. Jenga jedwali la mazoezi la mistari milioni 10, uligawe sawasawa kwa halmashauri zote 184 za Tanzania Bara, kila mstari uwe na safu ya mkoa na safu ya halmashauri. Kila halmashauri itakuwa na mistari kama 54,348. Kisha uliza: nipe mistari ambayo mkoa ni Morogoro na halmashauri ni Mvomero. Msomaji anajua kwamba ukishasema Mvomero umeshasema Morogoro. Mpangaji hajui. Kwake hayo ni masharti mawili yasiyohusiana, kama rangi ya shati na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo anazidisha: sehemu 1 ya 184 kwa Mvomero, mara sehemu 9 za 184 kwa Morogoro yenye halmashauri zake 9. Anapata karibu mistari 2,660. Ukitanguliza neno EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali lako utaona makadirio na uhalisia vimekaa upande kwa upande, na tofauti ni zaidi ya mara 20. Swali likiwa fupi hutaona madhara. Likiwa limeunganisha majedwali matano, kosa la mwanzo linazidishwa kila linapopita, na njia iliyofaa kwa mistari 2,660 inatembezwa kwa makumi ya maelfu.

Tangu toleo la 10 la mwaka 2017 unaweza kumwambia mpangaji, kwa amri ya CREATE STATISTICS, kwamba safu hizi mbili ni ndugu. Kabla ya hapo wazoefu walikuwa wakiondoa tu sharti la mkoa kwenye swali, maana halikuongeza kitu. Bado naona ni njia nzuri.

Takwimu huzeeka pia. Ofisi ikiingiza fungu kubwa la fomu kwa siku moja, mpangaji anaweza kuendelea kuamini kwamba mwezi mpya hauna data, kwa kuwa sampuli yake ya mwisho ilichukuliwa kabla. Ukimaliza kumimina data nyingi, toa ANALYZE kwa mkono wako. Inachukua sekunde.

Kuhusu faharasa nitasema machache, kwa kuwa ndizo ambazo kila mtu ameshazisikia. Umbo lake la kawaida, mti wa B, lilibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing na kutangazwa mwaka 1970. Kama kila ukurasa wa mti unabeba viingilio 300, hatua nne zinatosha kufikia mstari wowote kati ya bilioni 8. Hicho si kitu cha kupuuza. Lakini faharasa haina msaada ukiliuliza jedwali kwa namna isiyoendana nayo: kutafuta kituo chochote ambacho jina lake lina “tombo” katikati, au kubadili tarehe iwe maandishi kwanza ndipo uilinganishe. Na kila faharasa ina gharama wakati wa kuandika. PostgreSQL ina njia ya mkato: ukibadili safu isiyo na faharasa, na ukurasa una nafasi, mstari mpya unakaa palepale bila faharasa kuguswa. Mtu mmoja akiweka faharasa kwenye safu ya tarehe ya marekebisho, ili ripoti yake moja iende upesi, basi kila sahihisho la kila karani linapoteza njia hiyo ya mkato. Kabla hujaongeza faharasa, angalia zilizopo ambazo hazijawahi kutumika hata mara moja. Kanzidata huhesabu matumizi ya kila moja, na orodha ya zisizotumika mara nyingi ni ndefu kuliko aibu inavyoruhusu kusema.

Waliotengeneza DHIS2 walijua kwamba jedwali la kuingizia data haliwezi kuwa palepale jedwali la kujibia maswali. Ndiyo maana yapo majedwali ya uchambuzi, yaliyogawanywa kwa mwaka, ambamo kila kituo tayari kimeandikiwa halmashauri yake, mkoa wake, robo yake na mwaka wake, na maandishi yamegeuzwa kuwa namba. Kwa kawaida hujengwa upya usiku: mapya yanatengenezwa pembeni, ya zamani yanatupwa mazima. Jedwali lililotupwa zima haliachi mistari iliyokufa, na huu ndio ujanja wake. Gharama yake inajulikana na kila mratibu wa MTUHA: taarifa uliyoingiza saa 4 asubuhi huioni kwenye mchoro mpaka kesho, na mgeni katika mfumo hudhani imepotea, anaiingiza tena.

Kuna gharama nyingine isiyozungumzwa sana. Data katika mfumo huo hushikamana na kituo, na kituo hushikamana na mzazi wake wa sasa. Malinyi ilipomegwa kutoka Ulanga, vituo vyake vilihamishiwa chini ya mzazi mpya, na usiku wa kwanza wa ujenzi wa majedwali ya uchambuzi miaka yao ya nyuma yote ikahama pamoja nao. Ukiuliza leo Ulanga ilikuwa na wagonjwa wangapi mwaka 2013, utajibiwa kuhusu Ulanga ya mipaka ya leo. Jibu litakuja haraka, na halitalingana na ripoti iliyochapwa wakati ule na kuwekwa kabatini. Sioni kosa la mfumo hapo. Mtu wa mipango huhitaji mfululizo wa eneo moja. Ila anayeandika historia ya wilaya asiiamini kasi hiyo bila kuuliza mipaka.

Linabaki suala la kufuta. Data ya afya haifutwi ovyo, lakini pembeni yake huota majedwali ya kumbukumbu: nani alibadili nini, lini, kutoka thamani gani. Haya hukua kimyakimya mpaka yanaizidi data yenyewe. Kuyafuta kwa amri ya DELETE, mwaka mzima kwa mkupuo, ni kuzalisha mamilioni ya mistari iliyokufa kwa jioni moja. Njia ya watu wazoefu ni kuyagawa kwa mwezi au kwa mwaka tangu mwanzo, ili kipande cha zamani kikishahifadhiwa kwingine kiondolewe kizima.

Na kama umekuta jedwali limeshanenepa? VACUUM ya kawaida haitakurudishia diski. Itaacha matundu ya kuandikiwa baadaye. VACUUM FULL huliandika jedwali upya na kulipunguza, kama PACK ya zamani, na kama PACK hufunga mlango: hakuna kuandika, hakuna hata kusoma, mpaka imalize. Faharasa tangu toleo la 12 la mwaka 2019 zinaweza kujengwa upya bila kumzuia mtu, hivyo anza na hizo, huenda zikatosha. Zisipotosha, chagua usiku ambao hauangukii siku za mwanzo wa mwezi, wakati fomu zinaposhuka kutoka mlimani, wala juma la kikao cha robo. Watangazie watu mapema. Chukua nakala rudufu, na uijaribu kwamba inarudishika. Mwisho pima nafasi kwenye diski: jedwali la gigabaiti 80 linaweza kutaka hadi gigabaiti nyingine 80 za kuandikia nakala yake mpya, na zikiisha katikati ya kazi amri inakatika, jedwali linabaki na unene wake uleule, na utalazimika kuomba usiku mwingine kwa watu walewale ambao umeshawafungia mfumo mara moja.